Watamili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Desturi, Historia na Manunuzi Yao

Wapo wagonjwa, wauguzaji na wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya na nchi jirani wanaofika Chennai na Vellore, kusini mwa India, na wapo wengine wengi wanaofanya kazi bega kwa bega na Watamili katika miji ya Ghuba. Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote anayetaka kuwafahamu watu hawa kupitia nyumba zao na masoko yao. Tunaamini kwamba manunuzi ya Mtamili hayaeleweki mpaka ujue jamaa zake na kalenda yake, kwa sababu mara nyingi ananunua kwa ajili ya mtu mwingine, na siku ya kununua imekwisha kupangwa na desturi.

Watamili ni akina nani, na wanaishi wapi?

Wengi wao wanaishi katika jimbo la Tamil Nadu, lililokuwa na watu wapatao milioni 72 katika sensa ya mwaka 2011. Jimbo hilo liliitwa Madras hadi mwaka 1969, na mji wake mkuu, nao ukiitwa Madras, ulipewa rasmi jina la Chennai mwaka 1996. Kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka kuna Watamili ambao wamekuwa wenyeji kwa karne nyingi. Wengine walitawanyika wakati wa ukoloni wa Waingereza na Wafaransa hadi Malaysia, Singapore, Myanmar, Mauritius, Réunion, Fiji na Afrika Kusini. Kitamili ni lugha rasmi Tamil Nadu, Sri Lanka na Singapore, na maandishi yake yamo pia katika noti za Mauritius.

Wahindi waliotangulia kujenga maduka katika pwani ya Afrika Mashariki walitoka zaidi Gujarati na Kachi, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba desturi alizoziona kwa jirani yake Mhindi wa Mombasa au Dar es Salaam ndizo atakazozikuta Chennai. Lugha ni ya familia nyingine kabisa, chakula ni kingine, na hata taratibu za nani anaruhusiwa kumwoa nani ni tofauti.

Je, wote ni Wahindu?

Hapana, ingawa Wahindu ndio walio wengi. Wapo Wakristo wengi, na sikukuu yao kubwa ni ile ya Bikira Maria wa Velankanni, inayoanza tarehe 29 Agosti na kufikia kilele chake tarehe 8 Septemba, ambayo huhudhuriwa pia na Wahindu na Waislamu. Katika mji wa Tranquebar, uliokuwa koloni la Wadenmark tangu mwaka 1620, wamisionari wa Kilutheri walichapa Agano Jipya kwa Kitamili mapema karne ya 18.

Waislamu wa Kitamili wana miji yao ya kale ya biashara ya baharini, kama Kayalpattinam na Kilakarai, na wasomaji wa Kiswahili watavutiwa kujua kwamba wanazuoni wao walikuwa wakiandika Kitamili kwa herufi za Kiarabu, kwa mtindo uitwao Arwi, kama vile mashairi ya Kiswahili yalivyoandikwa Lamu na Pate. Katika miji hiyo miwili imekuwa desturi bwana harusi kuhamia nyumbani kwa mke, na wazazi wa binti hujitahidi kumjengea au kumgawia nyumba kabla hajaolewa.

Kwa nini rafiki yangu Mtamili hana jina la ukoo, bali herufi moja mbele ya jina lake?

Herufi hiyo ni ya kwanza ya jina la baba yake, na kwa mwanamke aliyeolewa mara nyingi huwa ya jina la mumewe. Zamani watu wengi waliongeza nyuma ya jina lao jina la tabaka walilozaliwa nalo, na kwa jina hilo pekee mtu alijulikana kama atakaribishwa ndani au atabaki nje. Mwaka 1925 E. V. Ramasamy, ambaye Watamili humwita Periyar, alianzisha Harakati za Kujiheshimu, zilizowahimiza watu waache majina ya tabaka na waache pia kumtegemea kuhani katika ndoa. Wito wa kwanza uliitikiwa kiasi kwamba leo jina la tabaka halionekani kwa kawaida katika majina ya wanasiasa wala katika orodha za wanafunzi wa Tamil Nadu. Tabaka lenyewe halijaondoka, na bado linaamua ndoa nyingi, lakini kuliondoa katika jina la mtu lilikuwa jambo kubwa na la haki.

Kwa msafiri jambo hili huleta usumbufu wa kweli. Fomu za benki na za viza hudai jina la ukoo, na Mtamili hulazimika kuandika jina la baba yake kwa ukamilifu, hivyo akajikuta akiitwa ugenini kwa jina la mzee wake.

Harusi ya Kitamili inafungwaje?

Kiini cha harusi ya Kihindu ya Kitamili ni bwana harusi kumvika bibi harusi thali, yaani kidani cha dhahabu kilichotungwa kwenye uzi uliopakwa manjano, na kuufunga kwa mafundo matatu, ambapo kwa desturi fundo la mwisho au mawili ya mwisho hukamilishwa na dada wa bwana harusi. Saa ya kufunga huchaguliwa na mnajimu, na mara nyingi huwa alfajiri au asubuhi mapema, kwa hiyo mgeni aliyealikwa asishangae kuona kadi inayomtaka afike saa kumi na mbili asubuhi. Wakati wa kufunga mafundo, ngoma na nagaswaram, aina ya zumari kubwa, hupigwa kwa nguvu ili sauti yoyote ya nuksi isisikike.

Ndoa za Kujiheshimu, zinazofungwa bila kuhani mbele ya ndugu na marafiki kwa kubadilishana mashada ya maua au kuvishana pete, zilihalalishwa kwa sheria ya jimbo mwaka 1967, wakati C. N. Annadurai alipokuwa waziri kiongozi. Hadi leo wapo wanaoichagua njia hii kwa sababu ya imani ya kisiasa, na wapo wanaoichagua ili kupunguza gharama.

Moi ni nini, na mgeni atoe kiasi gani?

Moi ni fedha inayotolewa na mwalikwa, na ndiyo desturi ambayo Mswahili aliyezoea michango ya harusi ataielewa haraka kuliko zote, ila tofauti yake ni muhimu. Michango yetu hukusanywa kabla ya shughuli na kamati, tena kwa ahadi. Moi hutolewa siku yenyewe, mbele ya meza ambako karani ameketi na daftari, akiandika jina la mtoaji, kijiji chake na kiasi alichotoa. Daftari hilo huhifadhiwa kwa miaka. Familia ya mtoaji itakapokuwa na harusi, sherehe ya kutoboa masikio au nyumba mpya, mwenye daftari hufungua ukurasa, hutazama alichopewa, kisha hurudisha kiasi hicho na kuongeza juu yake. Anayerudisha pungufu huaibika, na asiyerudisha kabisa huhesabika amekata uhusiano.

Katika wilaya za Pudukkottai na Thanjavur desturi hii imekua hadi kuwa taasisi ya fedha. Huko kuna karamu za moi zisizo na harusi yoyote: mtu huwaalika watu wa eneo lake, huwapikia nyama ya mbuzi, na hupokea fedha ambazo kwa miaka mingi alikuwa akizitoa katika karamu za wenzake. Kwa kawaida humlazimu asubiri miaka kadhaa kabla ya kuandaa nyingine. Fedha hizo hujenga nyumba, huchimba kisima, hulipa ada ya chuo au huanzisha duka, bila riba ya benki na bila dhamana ya hati. Siku hizi zipo karamu ambako daftari limeondolewa na kompyuta, na mtoaji hupewa risiti iliyochapishwa. Kwa maoni yetu huu ni mkopo wenye nidhamu kuliko mikopo mingi ya maandishi, lakini humwelemea vibaya mtu aliyepoteza kazi katika mwaka ambao anadaiwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Mgeni wa kutoka nje hadaiwi kwa mizani hiyo. Inatosha aweke kiasi cha heshima katika bahasha, na kwa desturi kiasi hicho huishia na moja, kama rupia 501 au 1,001, kwa kuwa hesabu iliyokamilika kwa sifuri huonekana kama imefungwa.

Mjomba ana nafasi gani?

Nafasi yake ni kubwa mno. Mtoto anapotobolewa masikio na kunyolewa nywele za kwanza, hukalishwa mapajani mwa kaka wa mama yake. Msichana anapovunja ungo, katika familia nyingi hufanyiwa sherehe ambamo mjomba humletea sari, vito, matunda na vyakula vilivyopangwa kwenye sinia na kubebwa kwa maandamano, na katika harusi pia mjomba ana zawadi zake za lazima. Desturi ya zamani iliruhusu, na katika baadhi ya jamii ilipendelea, msichana aolewe na mtoto wa mjomba wake, au hata na mjomba mwenyewe, jambo ambalo Wahindu wengi wa kaskazini huliona haramu. Ndoa hizo zimepungua kwa sababu ya elimu na ushauri wa madaktari. Zawadi za mjomba hazikupungua, na wauza vito na nguo wanalijua hilo vyema wanapotengeneza matangazo yao.

Kwa nini Watamili hununua dhahabu nyingi hivyo, na wanaikaguaje?

Kwa familia nyingi dhahabu ndiyo akiba ya mwanamke, mali anayoingia nayo katika ndoa na ambayo inaweza kuwekwa rehani siku hiyo hiyo mtoto anapougua. Kila mtaa wa sokoni una ofisi za mikopo ya rehani ya dhahabu. Kipimo kinachotajwa nyumbani si gramu bali pavun, ambayo ni gramu 8, na mazungumzo ya posa mara nyingi hufika mahali pa kuuliza binti atavaa pavun ngapi. Swali hilo linaumiza. Sheria ya India ya mwaka 1961 ilipiga marufuku mahari inayodaiwa kutoka kwa familia ya mwanamke, lakini madai hayo yameendelea kwa kuvikwa jina la zawadi, na wapo wazazi wanaoanza kujinyima tangu siku binti anapozaliwa.

Vito vingi ni vya karati 22 na hubeba alama ya 916, yaani dhahabu safi sehemu 916 kati ya 1,000. Kuanzia Juni 2021 serikali ya India ilianza kulazimisha alama rasmi ya ubora, wilaya baada ya wilaya, na tangu tarehe 1 Aprili 2023 kito kinachohusika na sheria hiyo kinapaswa kuwa na namba yake ya utambulisho ya tarakimu na herufi sita. Mnunuzi aidai namba hiyo, kisha aisome risiti mstari kwa mstari: bei ya dhahabu ya siku hiyo, uzito, gharama ya ufundi, upotevu unaodaiwa kutokea katika utengenezaji, na kodi ya asilimia 3. Ufundi na upotevu ndivyo vinavyotofautiana sana kati ya duka na duka, na ndipo pa kujadiliana.

Kwa nini maduka hupunguza bei Julai na Agosti?

Sababu ni mwezi wa Aadi wa kalenda ya Kitamili, unaoanza katikati ya Julai na kuisha katikati ya Agosti. Aadi ni mwezi wa miungu wa kike na wa mito inayojaa. Siku ya 18 ya mwezi huo familia huenda kando ya mto Kaveri kutoa shukrani kwa maji, na wakulima hupanda mbegu. Kwa kuwa ni mwezi wa ibada na wa shamba, harusi hazifungwi, watu hawahamii nyumba mpya, na bibi harusi wa mwaka huo hurudishwa kwa wazazi wake kwa muda. Maelezo yanayotolewa na wazee ni kwamba mimba iliyotungwa katika Aadi ingezaliwa wakati wa joto kali la Aprili na Mei.

Wauzaji wa nguo waliokuwa wakikaa bila wateja wakaamua kupunguza bei mwezi huo ili kumaliza shehena kabla ya msimu wa harusi na Diwali. Punguzo la Aadi limekuwa kubwa kiasi kwamba leo familia huahirisha kununua sare za shule, vyombo na hata mashine za kufulia zikilingoja.

Mahali pa kuliona hilo ni T. Nagar, mtaa wa Chennai uliopangwa katika miaka ya 1920 na kupewa jina la P. Theagaraya Chetty, kiongozi wa chama cha Justice. Nalli, duka la hariri maarufu kuliko mengi, lilifunguliwa hapo mwaka 1928. Barabara ya Ranganathan, inayotoka kituo cha treni cha Mambalam, ni nyembamba na hufurika watu kwa namna ambayo msafiri anapaswa kuuvaa mkoba wake kifuani.

Nitajuaje sari halisi ya Kanchipuram?

Mji wa Kanchipuram uko kilomita zipatazo 75 kutoka Chennai, na wafumaji wake hutumia hariri ya Karnataka na nyuzi za zari kutoka Surat. Sari halisi ni nzito, na pindo lake mara nyingi hufumwa kwa rangi tofauti na kuunganishwa na mwili wa kitambaa katika mtambo, si kwa kushonwa. Tafuta lebo ya Silk Mark, inayothibitisha kuwa kitambaa ni hariri halisi, au nunua katika duka la Co-optex, ushirika wa wafumaji ulioanzishwa mwaka 1935. Ukiuziwa kwa bei inayokushangaza kwa udogo wake, hiyo si hariri ya mkono.

Pongal ni sikukuu gani?

Ni sikukuu ya mavuno, inayoangukia tarehe 14 au 15 Januari, siku ya kwanza ya mwezi wa Thai. Mchele mpya huchemshwa pamoja na maziwa na sukari guru katika chungu mpaka ufurike, na watu hupaza sauti wakisema «Pongalo Pongal!» Siku inayotangulia vitu vikuukuu hutupwa au kuchomwa, siku inayofuata ng'ombe huoshwa na kupambwa, na siku ya nne watu hutembeleana. Mbele ya mlango wanawake huchora kolam, michoro ya unga wa mchele ambayo hufanywa kila asubuhi lakini siku hiyo huwa mikubwa na ya rangi.

Katika msimu huo huo hufanyika jallikattu, mchezo wa vijana kumkumbatia fahali kwenye nundu. Mahakama Kuu Kabisa ya India iliupiga marufuku mwaka 2014, na Januari 2017 umati mkubwa ulikaa siku kadhaa kwenye ufuo wa Marina hadi jimbo likabadili sheria. Mwaka 2023 mahakama hiyo iliyakubali mabadiliko hayo.

Chakula cha kila siku ni kipi, na kinahusianaje na sisi?

Karamu huliwa kwa mkono wa kulia juu ya jani la mgomba. Wali huliwa kwanza na sambar, mchuzi wa mbaazi, ukwaju na mboga, kisha na rasam, ambao ni mwepesi na wa pilipili manga, na mwisho na mtindi. Ukishiba, kunja jani kuelekea upande wako kama shughuli ni ya furaha.

Mbaazi hizo zinatuhusu moja kwa moja. India huzinunua kwa wingi kutoka Afrika Mashariki na Kusini, zikiwemo za wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara, na ilipoweka ukomo wa kuziingiza mwezi Agosti 2017, bei ilianguka Tanzania hadi wakulima wengine wakaacha mazao shambani. Mama anayepanga foleni Madurai ili apate mbaazi za bei ya ruzuku, na mkulima wa Babati anayesubiri mnunuzi, wanaishi ndani ya soko moja.

Maduka ya mgao hufanyaje kazi?

India ilipoanza mwaka 1997 kugawa chakula cha ruzuku kwa kuwachuja maskini, Tamil Nadu ilikataa kuchuja na ikaendelea kumhudumia kila mwenye kadi katika maduka yake ya mgao. Tangu Juni 2011 mchele hutolewa bure kwa kaya nyingi, na mbaazi, sukari na mafuta huuzwa kwa ruzuku. Wakati wa Pongal maduka hayo hugawa pia mchele, sukari na muwa kwa ajili ya sikukuu.

Mizizi ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1920 manispaa ya Madras, chini ya Theagaraya Chetty yuleyule, iliidhinisha chakula cha mchana katika shule yake, waziri kiongozi K. Kamaraj alikieneza jimboni katika miaka ya 1950, na M. G. Ramachandran, naye akiwa waziri kiongozi, akakipanua mwaka 1982. Na kifungua kinywa kikaongezwa mwaka 2022. Wanaouita mpango huu rushwa ya uchaguzi wamesahau watoto waliobaki darasani kwa sababu yake.

Je, Watamili wa Sri Lanka ni kundi moja?

Ni makundi mawili yenye historia tofauti. Wa kwanza ni wenyeji wa Jaffna na mashariki, ambao maktaba yao ya Jaffna, yenye vitabu na miswada ipatayo 97,000, ilichomwa moto mwaka 1981. Mauaji ya Watamili ya Julai 1983 yaliwakimbiza wengi hadi Kanada na Ulaya, na vita kati ya serikali na wapiganaji wa Kitamili viliendelea hadi Mei 2009. Wakati wa vikwazo vya miaka ya 1990 betri zilizuiwa kuingia Jaffna, na watu walipindua baiskeli na kuzungusha pedali ili dinamo iendeshe redio.

Wa pili ni Watamili wa milimani, wajukuu wa vibarua walioletwa na Waingereza katika mashamba ya kahawa, kisha ya chai. Waliletwa na msimamizi aitwaye kangani, aliyewakopesha nauli na kuwafunga kwa deni, na mchele waliopewa na shamba ulikatwa katika mishahara yao. Sheria ya uraia ya mwaka 1948 iliwaacha wengi bila nchi, na mkataba wa mwaka 1964 ukawagawa: watu 525,000 warudishwe India, 300,000 wapewe uraia wa Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati huo. Waliobaki bila uraia walisubiri hadi sheria ya mwaka 2003. Anayekunywa chai ya huko anapaswa kuijua habari hii.

Je, wapo Watamili wa siku nyingi barani Afrika?

Ndiyo. Meli ya Truro, iliyotoka Madras, ilifika Durban tarehe 16 Novemba 1860 ikiwa na vibarua wa mkataba kwa ajili ya mashamba ya miwa ya Natal, na nyingine zilifuata hadi mwaka 1911. Wajukuu wao wengi hawazungumzi tena Kitamili, lakini bado hubeba kavady, mzigo wa nadhiri unaobebwa begani, kwa heshima ya mungu Murugan.

Mgeni azingatie nini anaponunua Chennai au Vellore?

Bidhaa yoyote iliyofungwa kiwandani, iwe maji, dawa au sabuni, lazima iwe imechapishwa bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, kodi ikiwa ndani yake. Muuzaji anaweza kushusha, hawezi kupandisha, kwa hiyo geuza chupa usome kabla ya kulipa. Matunda, nguo za barabarani na bajaji ni vya kupatana. Karibu na hospitali kubwa wapo madalali wa vyumba na wakalimani wanaochukua kamisheni kwa kila duka wanakokupeleka, basi ulizia bei peke yako kwanza. Vua viatu unapoingia nyumbani kwa mtu, hekaluni na katika baadhi ya maduka madogo. Toa na upokee fedha kwa mkono wa kulia. Dai risiti hata kwa kitu kidogo, kwa sababu bila hiyo malalamiko hayapokelewi kwa urahisi. Ukiwa nayo, unaweza kupiga simu ya taifa ya walaji, namba 1915, au kufungua shauri katika tume ya walaji ya wilaya chini ya sheria ya mwaka 2019.